Morogoro ina kijani, lakini kiko karibu na nani?

Ukiwa Msamvu, mjini Morogoro, ukatazama kusini, Milima ya Uluguru inajaza macho. Ni rahisi kuamini kwamba mji wenye milima kama hiyo hauwezi kupungukiwa na kijani. Setilaiti zinatuwezesha kuipima imani hiyo.

Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hupiga picha ambazo kila nukta yake ni mita 10 kwa 10 ardhini, na yeyote anaweza kuzipata bure. Jani hai hufyonza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na huakisi kwa wingi infraredi, mwanga tusioweza kuuona. Toa mwekundu kwenye infraredi, gawanya kwa jumla ya zote mbili, unapata kipimo kiitwacho NDVI. Msitu mnene hukaribia 1. Bati na lami hubaki karibu na sifuri.

Kipimo hiki peke yake hakitofautishi mti na mahindi. Aprili, masika yakikolea, shamba lililolimwa mteremkoni laweza kusomeka kama msitu. Basi linganisha na picha ya Septemba: mahindi yamevunwa, nyasi zimekauka, na kijani kinachobaki aghalabu ni miti au bustani za kumwagilia.

Kwa afya ya wakazi, la msingi ni umbali wa kijani hicho. Mwaka 2019 jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha uchambuzi wa tafiti 9 zilizohusu watu zaidi ya milioni 8. NDVI ikiwa juu kwa 0.1 ndani ya mita 500 kutoka nyumbani, hatari ya kufa ilikuwa chini kwa takriban asilimia 4. Kati ya nchi saba zilizohusika, hakuna hata moja ya Afrika, na hilo linaniuma.

Mita 500! Mlima unaouona kutoka kata ya Kihonda haumo. Kata ya Mlimani ikipandisha wastani wa NDVI wa manispaa nzima, mkazi wa Kihonda hapati kivuli. Na wanaohitaji kivuli wanazidi: wakazi wa manispaa wameongezeka kutoka 315,866 kwenye sensa ya 2012 hadi 471,409 mwaka 2022.

Setilaiti pia haioni geti lililofungwa, wala haijui kama eneo la wazi limeshauzwa. Hapo lazima mtu atembee mtaa kwa mtaa akihakiki. Ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya inapendekeza bustani ya umma ya angalau nusu hekta ndani ya mita 300 kutoka kila nyumba. Manispaa ichore ramani kwa kigezo hicho na kuibandika kwenye ofisi za serikali za mitaa, kabla viwanja vipya havijapimwa.