Kinu Kimoja, Michi Mitatu

Wanawake watatu wa Kabambare, waliohamia pembezoni mwa mji wa Kasongo, wanatwanga mpunga katika kinu kimoja. Mchi wa kwanza ukishuka, wa pili uko nusu ya njia na wa tatu uko juu, na mwenye ule wa juu huuachia hewani, hupiga kofi moja, kisha huudaka. Hakuna anayemtazama mwenzake. Macho yote yamo kinuni, maana atakayeinua uso atagonganisha michi au atamvunja mtu kidole. Wakiwa hivyo, macho chini na mikono kazini, mmoja wao akaanza kuuimbia mpunga.

Aliuuliza nani ameuvua nguo. Aliuuliza umemwacha wapi mama yake, na kama njiani ulipata maji. Wenzake wakaitikia, kwanza kwa mzaha, kwa sababu kuuhurumia mpunga unaotwangwa ni jambo la kuchekesha. Kufikia mzunguko wa nne au wa tano kicheko kilikuwa kimekwisha. Mpunga ulikuwa sasa unavuka mto usiku. Ulikuwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo alipaswa kunyamazishwa ili walio nyuma wasisikie. Michi haikusimama. Wimbo ulipokwisha hakuna aliyemuuliza mwimbaji lolote, na mpunga ukamiminwa kwenye ungo.

Nilisimuliwa haya na mama mmoja muuguzi, mzaliwa wa Kabambare, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiwasikiliza waliokimbia vita. Nilikuwa nimemuuliza jambo jingine kabisa, kuhusu dawa zinazokosekana. Alijibu la dawa kwa sentensi mbili, kisha akaanza habari ya kinu, na tangu siku hiyo sijaweza kuiondoa kichwani.

Hapa ni kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo. Kasongo iliwahi kuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu, kabla ya kutekwa mwezi Aprili 1893 na majeshi ya Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo. Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara kuelekea Ziwa Tanganyika, njia ambayo maelfu walipitishwa wakiwa wamefungwa. Kiswahili cha huku, misikiti na huo mpunga wenyewe vilikuja na misafara hiyo. Vita vya 1964 vilipita, vya 1996 na 1998 vikapita, na katika miaka ya karibuni dhahabu ya Salamabila imeleta mapigano yake. Mgodi wa huko wa Namoya, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, ulisimamisha kazi Septemba 2019 kwa sababu ya usalama. Watu walikimbilia porini, wengine Fizi, wengine Kasongo, na wapo waliovuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ambako Wakongo wanaishi tangu 1996.

Mama huyu muuguzi alifundishwa kazi yake ya kusikiliza kwa njia ya kawaida. Viti hupangwa duara, kila mmoja husema jina lake, kisha husema anavyojisikia. Alijaribu. Wanawake walikuja, wakaketi, wakafunga mikono mapajani, wakasema wako salama, wanamshukuru Mungu. Waliobanwa zaidi walitaja kichwa kinachowaka, moyo unaokwenda mbio, usingizi uliokimbia, wakaomba vidonge. Aliniambia kwamba ilimchukua muda kuona alichokuwa anawafanyia. Kwao, mtu anayeketishwa kwenye kiti mbele ya watu, mikono mitupu, akatakiwa kueleza yaliyompata, ni mtu aliyeshtakiwa. Na baadhi yao walikuwa wameshawahi kuketishwa hivyo, mbele ya wakwe, wakiulizwa kwa nini hawakupiga kelele.

Kinu kiliingia kwa bahati. Siku moja mwenye nyumba walimokutana alikuwa na mpunga wa kuwahisha soko la jioni na asingeweza kuuacha. Muuguzi, kwa vile ni binti wa Kabambare, akashika mchi ili kazi iishe upesi waanze kikao. Kikao kikaanza bila yeye kukianzisha.

Tangu hapo ameupanga utaratibu wake kwa makini, na hapa ndipo nilipomwona anapata uhai katika kueleza. Kutwanga ni wakati wa wimbo na kupepeta ni wakati wa maneno. Kinuni anayeimba anasema „mimi” na hakuna anayeruhusiwa kumuuliza kama ni yeye kweli. Huyo „mimi” ni wa wimbo. Mtu akilia, kazi haisimami. Aliye karibu huchukua mchi wake, na anayelia hukaa pembeni mpaka atakapotaka kurudi. Kisha hufuata ungo. Kupepeta ni kazi ya polepole, bado macho yako chini, makapi yanaruka, mikono inachagua mawe, na katika utulivu huo mmoja husema jambo dogo. Labda atasema kwamba mto ule anaujua. Hapo ndipo muuguzi naye anaposema lake, kwa sauti ya mtu anayechagua mawe.

Aliyeleta mpunga huondoka na mchele. Wengine hugawana chenga, na pumba huwaendea wenye kuku. Jambo hili mama alilisisitiza mara kadhaa, nami mwanzoni sikuona uzito wake. Mwanamke anayekwenda kwenye nyumba ya ushauri huulizwa na mumewe, na majirani huhesabu hatua zake. Anayekwenda kutwanga haulizwi na mtu.

Nilimuuliza anadhani ni nini hasa kinachoponya. Nilitarajia atataja pumzi, au mdundo, au mwili uliochoka ukapata usingizi. Alikubali kwamba hayo yamo, lakini aliyaweka kando. Kwa maoni yake, aliyekimbia amepoteza nyumba na shamba, na pamoja na hayo amepoteza watu wa kumwitikia. Kijijini ukitoa mstari wa kwanza, kuna wanaojua wa pili. Kasongo mwanamke wa Kibangubangu anakutana kinuni na Mbembe aliyetoka upande wa Fizi na Mzimba mwenyeji, na viitikio vyao havilingani. Inabidi wafundishane. Zinapita wiki ambazo hakuna kinachofanyika zaidi ya kugombana juu ya kiitikio gani ni sahihi, na yeye huzihesabu wiki hizo kuwa za matibabu.

Si yeye peke yake aliyeona kwamba kundi lina nguvu. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini kwa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Vijiji vingine vilipata msaada wa mtu mmoja mmoja, vingine vikapata tiba ya kuzungumza iliyofanyika zaidi katika vikundi. Miezi 6 baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika vijiji vya tiba hiyo na asilimia 42 katika vile vingine. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kijamii wa huko huko, waliopewa mafunzo mafupi, watu wa aina ya huyu mama. Na huko Bukavu, katika hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege, shirika la Kanada liitwalo Make Music Matter lilianzisha mpango ambamo wanawake hutunga nyimbo wakiwa na mwanasaikolojia na mtayarishaji wa muziki, kisha hurekodi studio. Aliyekuja kama mgonjwa huondoka akiwa msanii.

Mama wa Kasongo anaiheshimu kazi ya Panzi. Lakini Panzi iko Bukavu, na huko Bukavu ndiko iliko pia SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili. Kwa mwanamke wa Kabambare mwenye mtoto mgongoni, Bukavu ni kama ng'ambo ya bahari. Kinu kipo kila uani.

Kipo kwa sasa, niseme. Mashine za kukoboa mpunga zimeingia, na wasichana wanazipenda kwa haki kabisa, kwa sababu kutwanga ni kazi ya kuvunja mgongo na wengi wao hawajala. Mama hawezi kuwaombea wabaki na mchi kwa ajili ya mbinu yake. Wako pia wenye majeraha ya uzazi na ya kubakwa ambao mchi hawauwezi, nao huwapa ungo na kazi ya kuitikia. Na wako wanaume. Wachimbaji waliorudi kutoka mashimo ya Salamabila wakiwa wameona wenzao wakifukiwa au wakipigwa risasi hawana kinu, na hakuna kazi ya mikono inayowakusanya macho chini. Wanakusanywa na pombe kali ya lutuku. Nilimuuliza amejaribu nini kwao. Alisema amejaribu mambo mawili, hayakufaa, na hakutaka kuyaeleza.

Kuna swali lililo zito zaidi, nalo alilileta yeye mwenyewe. Anamtuliza mtu ambaye hatari yake haijaisha. Baadhi ya wanawake hao hurudi Kabambare kulima njia ikitulia, na hukimbia tena. Wanalala vizuri zaidi, hilo analiona. Lakini hajui kama mtu anayepaswa kukimbia tena mwakani anasaidiwa kwa kulala vizuri, au anahitaji ule wasiwasi unaomwamsha usiku. Nilimjibu kwamba usingizi ni haki ya mtu. Alinitazama kwa upole, na sidhani kwamba nilimjibu.

Hivi karibuni watu wa redio walisikia habari za kinu wakaomba kurekodi. Nia yao ni njema, na wimbo ule wa mpunga ungeweza kuwafikia wanawake wengi wanaodhani wako peke yao. Mama aliwaambia wasubiri. Kinuni ule „mimi” hauna mwenyewe, lakini redioni sauti ina mwenyewe, na Kabambare nzima itaitambua, pamoja na wale walioivusha familia ya wimbo ule mto usiku kwa bunduki. Amemuuliza kila mwanamke peke yake. Wawili wamekubali mara moja, mmoja akitaka hata jina lake litajwe. Mwimbaji mwenyewe amesema ataamua mavuno yakiisha, akishajua kama anabaki Kasongo au anarudi.