Istilahi bora yaweza kutufungulia fizikia ya mwanga

MWALIMU wa fizikia kule Kisii au Nyamira akitaka kueleza mawimbi yanayoathiriana, mfano anao nyumbani: obokano, ala ya nyuzi nane ya Abagusii. Ukigusa uzi mmoja, mtetemo hupita kwenye kidaraja, ukaitikisa ngozi iliyowambwa na kuzifikia nyuzi jirani.

Sasa tuchukue mwanga. Wanasayansi hutengeneza viduara vya kioo au silikoni, vingine vidogo kuliko upana wa unywele, ambamo mwanga huzunguka mara nyingi kabla ya kuponyoka. Tuviite vijumba vya mwanga. Viwili vikikaribiana, mwanga wa kimoja huvujia kingine, kama mtetemo wa zile nyuzi.

Lakini hapa pana jambo jipya. Mwanga ukiwa mkali, hubadilisha kidogo kile kioo chenyewe. Nacho kioo kikibadilika, hugeuza mwenendo wa mwanga. Basi ukiongeza mwanga maradufu, usitarajie matokeo maradufu. Hata vijumba viwili pacha, vinavyolishwa sawasawa, vyaweza kuachana: kimoja kikang'aa, kingine kikafifia. Mwaka 2015, watafiti nchini Ufaransa walionyesha hali ya namna hiyo katika vijumba viwili vya leza.

Tuuiteje mwenendo huu? Wapo watakaosema "usio wa mstari". Tafsiri hiyo humweleza mwanafunzi umbo la grafu tu. Napendekeza "mwenendo usiowiana", kwani uwiano anaujua tangu hesabu za shule ya msingi.

Si kwamba Kiswahili hakina uwezo. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaitambua lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi. Hata hivyo, fizikia ya sekondari bado hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Nyamira, ambaye huenda alianza kusema kwa Ekegusii, hukabili wazo gumu na lugha ya kigeni kwa mpigo mmoja.

Istilahi nzuri hupimwa darasani, wala si kamusini pekee. Mwanafunzi akisikia "usiowiana", atauliza, "Hauwiani na nini?" Hilo tayari ni swali la fizikia.