Subira si Kunyamaza: Funzo la Askofu Mkuu Janani Luwum



Mtoto mmoja wa jumuiya yetu hapa Walthamstow alirejea kutoka shuleni akiwa na huzuni. Mama yake alipomdadisi, alieleza kuwa mwenzake wa darasani, ambaye wazazi wake ni Wakristo wa Uganda, amemwambia kwamba Mwislamu ndiye aliyemwua askofu wao. Mama hakuwa na jibu. Baba akasema hayo ni mambo ya kale, yasichokolewe. Habari hiyo ilipotufikia tuliona kwamba mtoto hakutendewa haki. Ameuliza jambo la kweli, naye anastahili kuelezwa ukweli.

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, katika nchi ya Waacholi, kaskazini ya Uganda. Mwaka 1948 alijiunga na Walokole, Wakristo wa uamsho ambao husisitiza mtu kukiri makosa yake hadharani na kupatana na aliyemkosea. Alisoma kwa muda hapa Uingereza, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Uganda. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Idi Amin, aliyetwaa madaraka mwezi wa Januari 1971. Watu walikuwa wakichukuliwa majumbani mwao na wasionekane tena.

Mwaka 1976 viongozi wa Waanglikana, Wakatoliki na Waislamu walikutana kuzungumzia mauaji na dhuluma za askari. Jambo hili watoto wetu walijue: katika kikao hicho walikuwamo Waislamu. Mwezi wa Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana walimwandikia Amin barua ya kulalamika. Siku chache baadaye, tarehe 16 Februari, Luwum alikamatwa mjini Kampala pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Maiti ilipofikishwa Mucwini na jeneza kufunguliwa, watu waliona matundu ya risasi.

Huko Namirembe, Kampala, kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, lakini serikali haikuitoa maiti. Hata hivyo, Jumapili ya tarehe 20 Februari maelfu ya watu walikusanyika kanisani. Walilitazama kaburi lile tupu, wakakumbuka itikadi yao kwamba kaburi la Yesu nalo lilikutwa tupu. Waliokuja kulia waliondoka wakiimba. Mkristo huamini kwamba Mungu hayuko mbali na mwenye kuteswa, na kwamba taabu ikivumiliwa kwa imani huzaa saburi, na saburi huzaa matumaini.

Sisi hatukubaliani nao katika habari ya msalaba, na Qur'ani Tukufu imelieleza jambo hilo waziwazi katika Surat An-Nisaa. Hatuna haja ya kulificha hilo mbele ya jirani. Lakini tunajua maana ya kutahiniwa. Surat Al-Baqara inatufundisha kwamba tutajaribiwa kwa hofu, njaa, na upungufu wa mali na nafsi, kisha inawabashiria kheri wenye kusubiri. Mwenye imani hiyo hawezi kuyadharau machozi ya mwenzake.

Baada ya kifo cha Luwum, rafiki yake Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, alikimbia usiku na mkewe hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo wa 1977 ilimkuta hapa London, ameketi kanisani, na moyo wake umejaa chuki kwa Amin. Kwa maelezo yake mwenyewe, hapo ndipo alipotambua kwamba chuki ile ilikuwa inamla yeye, si Amin. Akaomba aondolewe. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake lilisema kwamba anampenda Idi Amin. Wengi walistaajabu. Lakini ndugu, tuangalie vizuri: Kivengere hakusema kwamba Amin hakukosa, wala hakuacha kuzieleza dhuluma zake kila alipokwenda. Alisamehe, na hakunyamaza. Amin alipoangushwa mwaka 1979, alirudi Uganda kuwatumikia watu wake hadi alipofariki mwaka 1988.

Sasa turudi kwenye swali la mtoto. Ndiyo, Amin alikuwa Mwislamu, na askofu aliuawa chini ya utawala wake. Tuliseme hilo bila kuzungukazunguka. Kisha tuongeze kwamba dini yetu imeharamisha kuiua nafsi isiyo na hatia, na kwamba Waislamu pia waliuawa katika utawala huo, miongoni mwao Shaban Nkutu, aliyekuwa waziri kabla ya Amin, aliyeuawa mwaka 1973. Na Amin alipoanguka, Waislamu wa sehemu za Ankole waliuawa kwa kulipizwa kisasi cha makosa yasiyo yao. Huo ndio mwisho wa kisasi: hakiulizi nani alitenda, huuliza nani anafanana naye.

Uganda ina kumbukumbu nyingine ya zamani zaidi. Mwaka 1876 Kabaka Mutesa aliwaua Waislamu wapatao 70 waliokataa kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu na kuswali nyuma ya Kabaka asiyetahiriwa. Miaka 10 baadaye, tarehe 3 Juni 1886, mwanawe Mwanga aliwachoma moto vijana wa Kikristo huko Namugongo, mahali palepale walipouawa Waislamu. Ardhi hiyo imezipokea damu za pande zote mbili. Nani basi atasema kwamba mateso ni ya dini moja?

Wako miongoni mwetu waliofiwa nyumbani wasipate kuzika, na wako waliodhulumiwa kazini hapa wakaambiwa wasubiri. Subira tuliyoagizwa si kufumba mdomo. Luwum alivumilia, na alisema. Aliyeumia aitaje dhuluma kwa jina lake, amwachie Mola hukumu ya mwisho, wala asimtwike mzigo huo mtu mwingine kwa kuwa tu ni wa kabila au dini ya aliyemdhulumu.

Tuliona vyema tukaione sanamu ya Luwum. Kutoka kituo cha Walthamstow Central, reli ya Victoria hukufikisha kituo cha Victoria, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu hadi Westminster Abbey. Juu ya mlango mkuu wa magharibi zimepangwa sanamu kumi za Wakristo waliouawa katika karne ya 20, zilizozinduliwa mwezi wa Julai 1998. Luwum ni wa tatu kutoka kushoto. Huonekana kutoka nje, bila kiingilio.

Mtoto yule alikuwa pamoja nasi. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza iwapo anaweza kumwambia mwenzake kwamba ameiona. Tukamwambia amwambie, na amwambie pia kwamba tumesikitika.

Wabillahi Tawfiq.