Daftari la Wapiga Kura la Mwaka 1957

Watu wakiuliza kwa nini mgombea fulani alishinda, kwa kawaida hutaka kujua alisema nini mikutanoni. Wataalamu wa mambo ya uchaguzi hupenda kutazama kwanza daftari la wapiga kura: nani aliyeandikwa, na nani aliyeachwa nje.

Mfano mmoja ni uchaguzi wa Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. G. F. Engholm aliueleza katika kitabu Five Elections in Africa, kilichotolewa mwaka 1960.

Viti vilikuwa 8 tu. Kanuni zilitokana na taarifa ya Bw. Walter Coutts, na kwa kanuni hizo utu uzima peke yake haukumpa mtu kura. Ilimpasa awe na sifa, kama vile elimu, mapato ya pauni 120 kwa mwaka, mali, au utumishi wa miaka mingi. Tena mwenye sifa kadha alipewa kura 2, hata 3. Hivyo mwalimu mwenye mshahara aliweza kupiga kura 3, na jirani yake mkulima asipige hata moja, ingawa wote wawili walitozwa kodi.

Katika Jimbo la Kati palikuwa na sharti zito zaidi. Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 ilikuwa haijaondolewa, na Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuandikwa pasipo cheti cha uaminifu. Wakikuyu wengi hawakukipata. Basi ingawa kwa idadi ya watu Wakikuyu waliwazidi Wameru mara tatu hivi, katika daftari Wameru ndio waliokuwa wengi. Bw. Eliud Mathu, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuingia Barazani mwaka 1944, alishindwa na Bw. Bernard Mate wa Meru. Si haki kumlaumu Bw. Mate, maana kanuni hakuzitunga yeye. Lakini wengi waliopaswa kuipima kazi ya Bw. Mathu ya miaka 13 hawakupewa karatasi ya kura.

Nairobi mambo yalikuwa mengine. Vyama vya siasa vya nchi nzima vilikatazwa, vikaruhusiwa vya wilaya tu. Vyama vya wafanyakazi, hata hivyo, vilivuka mipaka ya wilaya. Bw. Tom Mboya, katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo, alipata kura 2,138, na wakili Argwings-Kodhek, kiongozi wa chama cha siasa cha wilaya, akapata 1,746. Ifahamike kwamba hizo ni hesabu za kura, si za watu.

Wajumbe wote 8 walikataa kushika uwaziri, wakadai kwanza viti vya Waafrika viongezwe. Uchaguzi ambao kila mtu mzima alikuwa na kura yake moja ulifanywa Mei 1963.