Jina la Pinto na Madai ya Nasaba

Tangu Hispania ilipotunga sheria mwaka 2015 ya kuwapa uraia wazao wa Mayahudi waliofukuzwa huko mwaka 1492, imeenea dhana kwamba jina la ukoo peke yake ni ithibati ya damu ya Kiyahudi, khasa likiwa jina la mti, kama Pereira, yaani mpea. Hapa Nairobi dhana hiyo huwagusa Wagoa, Wakatoliki ambao wazee wao walivuka bahari kuja kutumika katika ofisi za serikali na reli, na ambao majina yao, Pereira, Fernandes, D'Souza, Pinto, yamejaa Parklands na Westlands.

Mimi siikubali dhana hiyo. Mayahudi wa Ureno walipolazimishwa kubatizwa mwaka 1497, walitwaa majina yale yale waliyokuwa nayo Wareno wengine, hivyo jina halikuwabainisha bali liliwasitiri. Nako Goa, iliyotekwa na Wareno mwaka 1510, Wahindu walioingia Ukristo walipewa majina ya wasimamizi wao wa ubatizo au ya makasisi, hata ndugu wa tumbo moja wakaweza kuwa na majina mbalimbali, na waliokuwa akina Kamat na Prabhu wakahesabiwa katika koo zenye majina ya Kireno.

Walakini haimkiniki kusema kwamba Goa haikuwa na wazao wa Mayahudi. Tabibu Garcia de Orta, ambaye wazazi wake walikuwa Mayahudi wa Hispania, alichapisha huko kitabu chake cha dawa mwaka 1563, akafa mwaka 1568. Na mwaka 1580 mahakama ya Kanisa iliyowaandama wazushi iliamuru mifupa yake ifukuliwe, ikateketezwa kwa moto. Nani, baada ya dhuluma kama hiyo, angethubutu kuwarithisha watoto wake khabari za asili yao?

Tazama basi jina la Pinto. Isaac de Pinto, mwanafalsafa wa Amsterdam wa karne ya 18, alikuwa Yahudi wa asili ya Ureno. Pio Gama Pinto, mpigania uhuru wetu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927, akauawa kwa risasi nyumbani kwake Westlands tarehe 24 Februari 1965, alikuwa mwana wa Wakatoliki wa Goa. Na rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, jina lake halionyeshi hata kidogo kwamba baba yake, Zuzarte, alikuwa Mgoa, kwa kuwa yeye alichagua kujulikana kwa jina la upande wa mama yake, Mmaasai.

Ewe msomaji mwenye jina la namna hii, waulize wazee wako, wangali hai, kijiji walikotoka huko Goa, kisha utafute daftari la ubatizo la parokia yake, uangalie ni nani aliyekuwa msimamizi wa babu yako.