Diski ya pili ndani ya kompyuta ya biro: juu ya majina yetu

Kompyuta moja ya biro, hata kama imezeeka, leo inabeba kazi ya makabati matano. Ndani yake tunaweka orodha ya wanachama, michango ya kila mwezi, majina ya wenzetu walioumia kwenye shimo, siku mtu aliyoanza kazi na siku aliyosimamishwa. Huku kwetu Kabambare, toka senta hadi Salamabila na Namoya, mtu akidai haki yake, swali la kwanza ni: karatasi iko wapi? Wazee wa SOMINKI, kampuni iliyozaliwa 1976 na kufungwa 1997, hilo hawana haja ya kufundishwa.

Sasa hayo yote yakae juu ya diski moja tu? Ndani ya diski mna sahani inayozunguka mara 5400 ao 7200 kwa dakika. Gurupu ikizimika wakati inaandika, faili inaweza kuharibika. Ikianza kulia tik-tik, ao kompyuta ikichelewa sana kufungua kitu kidogo, tusingoje.

Kompyuta ya mezani ina nafasi ya diski ya pili, na si kazi ya injenieri. Lakini kabla ya kutoa pesa ya moto kwenda Kasongo kununua, tufungue kwanza kifuniko cha ubavuni na tuangalie. Kable nyembamba yenye mdomo mdogo, hiyo ni SATA. Kable pana kama utepe, hiyo ni ya zamani, IDE, na diski ya SATA haiingii pale. Tuangalie pia kama kuko kable ya umeme iliyobaki bure. Diski ya kawaida ya inchi 3,5 inakula karibu wati 6 hadi 10 ikizunguka, lakini ikiwaka inaweza kupita 20. Wenye sola ndogo wahesabu mapema.

Ukinunua ya mtumba, mwambie muuzaji aiunge mbele yako. Programu ya bure CrystalDiskInfo inaonyesha imefanya saa ngapi na kama ina ugonjwa. Akikataa, rudisha pesa mfukoni.

Siku ya kuunga, chomoa kable ya umeme ukutani, kuzima tu haitoshi. Finya kifungo cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha sanduku. Funga diski kwa visi nne isitikisike, unga kable mbili, ya data na ya umeme. Midomo yake ina kona, inaingia upande mmoja tu, ikikataa usilazimishe. Na ile diski yenyewe usiifungue hata siku moja, vumbi kidogo tu la huku linaiua.

Kompyuta ikiwaka, diski mpya haionekani mara moja. Windows inataka kuitayarisha kwanza, kwenye ukurasa wa kupanga diski: chagua GPT kama kompyuta si ya zamani sana, maana MBR haioni zaidi ya tera 2. Halafu fomati. Hapa ndipo hatari yenyewe iko, ukifomati ile ya zamani majina yote yamekwenda. Sisi tunapenda kununua diski ya ukubwa tofauti, 500 pembeni ya 1000 kwa mfano, ili hata mwenye usingizi asizichanganye.

Kunakili kuwe na siku yake na mtu wake, mbele ya katibu na mweka hazina. Lakini mwizi akibeba sanduku amebeba diski zote mbili, na radi haichagui. Kwa hiyo nakala ya tatu, juu ya diski ya nje, ilale nyumba nyingine.

Jambo moja mafundi hawalisemi. Orodha ya wanachama wa sendika ni kitu ambacho kuko watu wangelipa kukiona, hasa wakati wa mgomo. Fundi asibaki peke yake na kompyuta, wala isilale kwake. Na diski iliyokufa isitupwe jalalani wala kuuzwa kama chuma, maana kufuta faili hakuondoi majina, mtu mwenye akili anaweza kuyarudisha. Ivunjwe sahani zake. Nyundo hatukosi.