Kadi ya Leopards yenye saini: soma jina mbele ya kulipa

Mdogo mmoja wa promosyo ya nyuma alinitumia picha kwa WhatsApp: kadi ya zamani ya Ndaye Mulamba, jezi ya Zaire, saini ya biki ya buluu kifuani. Bei, dola 150. "Yaya, ninunue ao niache? Muuzaji anasema Ndaye alimusainia baba yake kule Ujerumani, 1974." Hapa Goma, kwa mutu anayetafuta kazi, dola 150 si mchezo. Nikamjibu kwa urefu, na ninyi someni.

Juu ya nini kikaratasi kiuzwe bei hiyo? Wamarekani wamezoea: kadi ya zamani ya mchezaji wa baseball, akiisaini mwenyewe, inapanda bei, na akishakufa hakuna saini mpya. Sisi hatuna baseball, tuna Leopards. Zaire ndiyo timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi, 1974. Watu wanakumbuka 9-0 ya Yugoslavia, na Mwepu Ilunga kutoka ukutani kupiga mpira wa Brazil. Wanasahau kwamba miezi mitatu mbele, Misri, Ndaye alifunga magoli 9 katika Kombe la Afrika moja. Mpaka leo hakuna aliyemfikia. Alikufa Johannesburg mwaka 2019, kwa hiyo saini zake zimeisha.

Basi, ukipata kadi mkononi, shika kioo cha kukuza. Kadi zingine saini yake imechapwa kiwandani: utaona vidoti vidogo, sawa na picha yenyewe. Biki haina vidoti. Inaacha mfereji kidogo kwenye karatasi, unaonekana ukiinamisha kadi kwenye mwangaza.

Lakini kwa kadi hii hata kioo hakikuhitajika. Saini ilisema "Pierre Ndaye". Ninyi mulisoma historia: mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Mchezaji wa timu ya taifa, 1974, mbele ya wakubwa wa serikali waliosafiri naye, aandike Pierre? Mimi siamini. Majina hayo yalirudi wazi kuanzia 1990, na Ndaye baadaye alikimbilia Afrika Kusini. Ni hapo ningetafuta saini kama hii.

Angalieni vizuri: sikusema saini ni ya uongo. Mutu anaweza kusaini mwaka 2005 kadi ya mwaka 1974, na ni halali kabisa. Kilichoanguka ni hadithi ya baba na Ujerumani. Na hadithi ndiyo ilikuwa inauza. Ikishaanguka, huyo muuzaji ana nini kingine cha kunionyesha? Barua? Picha ya siku ile? Hakuwa na kitu.

Mdogo alimuuliza juu ya Pierre. Bei ikashuka mpaka dola 40 jioni ile ile! Hakununua, lakini ilimuuma. Albamu ya baba yake ilibaki nyumbani tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipoingia mjini, na tangu hapo anatafuta kadi yoyote ya Leopards.

Kwa hiyo, kama muzee wenu bado ana moja, usiipeleke kwa watu wa fotokopi waifunge na plastiki ya moto. Iweke ndani ya bahasha kavu, mbali na jua, na umuulize muzee ilitoka wapi. Andika jibu lake, na tarehe.